Waliokula Kiande

Mahari ya mama yangu ililipwa na mwanamke. Alitoa mbuzi, akatoa kondoo wa mafuta, akatengeneza muratina, pombe ya wazee, kwa asali iliyotoka kwenye mizinga ya marehemu mumewe. Siku ya sherehe alishika kisu kwa mkono wake mwenyewe akamkatia mama kiande, ule mguu wa mbele wa mbuzi, mbele ya wazee kumi na mmoja wa ukoo. Wazee wale walikula mpaka videvu vikang'aa. Kwetu Nyeri mwanamke aliyekatiwa kiande ameolewa, hakuna la kuongeza. Asiyekatiwa, hata azae watoto kumi na kuwazika wakwe wote wawili, bado ni mgeni aliyekaa sana.

Naanza na hilo kwa sababu maisha yangu yote nimeambiwa halikutokea. Mara ya mwisho kuambiwa ilikuwa mwezi uliopita, kwenye dirisha la mahakama pale mjini, na aliyeniambia ni karani mwenye umri wa wajukuu wangu. Alikuwa kijana mpole. Alisoma fomu yangu, akairudia, akakuna shingo.

"Shosho, hapa umeandika huyu mzee ndiye baba yako."

"Ndio."

"Lakini hii karatasi ingine inasema alikufa, na wewe ukazaliwa miaka kumi na miwili baadaye."

"Ndio."

"Sasa wewe ulizaliwa aje?"

"Kama wewe. Kwa tumbo la mama."

Akacheka, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akacheka pia. "Ai, shosho, mimi sijakataa. Ni kompyuta itakataa."

Nilitoka nje nikaketi kwenye ukuta mfupi unaotazama barabara. Hesabu ile niliijua. Nilikuwa na miaka tisa nilipofanyiwa mara ya kwanza, kwa chaki, mbele ya darasa zima.

Ngoja nikurudishe nyuma, maana huwezi kuelewa hasira yangu bila kulijua shamba lenyewe.

Lilikuwa Tetu, kwenye mteremko unaoshuka hadi kijito. Juu yetu kulikuwa na msitu wa Nyandarua, na ukigeuka upande wa pili asubuhi isiyo na ukungu uliuona Mlima Kenya umekaa peke yake, mweupe kichwani. Baridi ya Julai ilikuwa kali hata maziwa ya jioni yaliamka na ngozi nene uliyoweza kuikunja kwa kidole. Nyumba yetu ilinuka moshi wa kuni na njahi, maharagwe yetu meusi, zilizochemka tangu alasiri. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya viazi vitamu ya mbuzi na kuteka maji. Ya mdogo wangu wa kike ilikuwa kulia mpaka nimbebee mtungi wake. Tulikuwa wanne humo ndani: Nyanya, mama, mimi na yeye. Hapakuwa na mwanamume, na mimi sikuona kama kuna kitu kimepungua.

Tulimwita Nyanya kwa sababu ya umri wake, lakini kwa mila yeye ndiye aliyemwoa mama. Mumewe alichukuliwa kwenda vita vya wazungu, akarudi na kifua kibovu, akafa kabla hawajapata mtoto. Ukoo ulimpa Nyanya njia ya kawaida: arithiwe na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Nyanya alikataa. Alikuwa ameingia boma lile kama bi harusi shemeji huyo akiwa mtoto anayetambaa, na jibu lake lilirudiwa kando ya kijito kwa miaka: "Huyu nimempangusa kamasi. Nitamwitaje mume?"

Basi akatumia njia ya pili, ambayo ni ya mila vilevile, ya zamani kuliko kanisa na kuliko chifu. Mjane asiye na mtoto anaweza kuoa mke kwa ajili ya nyumba ya mumewe. Watoto watakaozaliwa ni wa marehemu, wanachukua jina lake na ardhi yake, na hakuna anayeuliza mbegu ilitoka wapi. Nyanya alikwenda upande wa Mukurwe-ini akamchumbia mama, msichana mkimya aliyejua kusuka kiondo kisichovuja uji. Nasema "mkimya", lakini jioni wale wawili walipoketi kwa moto wakimenya viazi, walicheka hadi mama akashika mbavu. Sijaona ndoa nyingi zenye kicheko kile.

Shemeji hakusahau kamasi yake.

Nafasi yake aliipata wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau. Watu waliondolewa mashambani wakasongwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa miiba, na wanawake wakapelekwa kila siku kuchimba handaki kando ya msitu. Nyanya na mama walichimba wakiwa na njaa, mimi nikiwa mgongoni. Huku nyuma ardhi ikawa inapimwa upya na kuandikishwa. Afisa mzungu alikaa kwenye meza ya kukunja, wazee wakakaa kando yake, na jina la mwanamke halikuwa na mahali kwenye daftari lile. Mjane aliandikwa chini ya mwanamume wa karibu. Mwanamume wetu wa karibu alikuwa shemeji, aliyekuwa na bunduki ya serikali wakati huo. Alimwambia Nyanya mbele ya watu, "Nitakushikia tu. Shamba ni la nyumba ya kaka yangu."

Nyanya aliniambia aliyaamini maneno hayo kwa sababu alikuwa amechoka. Hiyo ndiyo sababu pekee aliyowahi kutoa.

Kisha uhuru ukaja. Shuleni tulipewa mkate na soda, tukaimba mpaka sauti zikakauka, na Nyanya akaoga kwa maji ya moto, akavaa kitambaa kipya kichwani. Serikali yetu wenyewe ilianza kugawa miche ya chai kwa watu wadogo. Nyanya alikuwa miongoni mwa wa kwanza kwenda kuomba. Alikuwa amekwisha kulima mteremko wote kwa jembe, yeye na mama, mistari imenyooka kama nywele zilizosukwa. Afisa wa kilimo, kijana mweusi wa kwetu mwenye kaptula iliyopigwa pasi, alifungua daftari.

"Mama, lete mwenye shamba."

"Mwenye shamba ni mimi."

"Hapa jina ni la mwanamume. Lete yeye, atie kidole."

Mzungu alikuwa ameondoka, lakini kalamu yake ilibaki mezani, na mtu wetu aliichukua ikiwa bado na joto. Hilo ndilo lililonichoma nilipokua na kuelewa. Tulikuwa tumeambiwa ubaya wote ulikuwa na ngozi moja.

Shemeji alipoitwa kutia kidole ndipo alipojua kwamba ardhi ile sasa ingezaa chai. Wiki hiyohiyo alikuja na mkongojo mpya, akatembea mpakani, na kumwambia Nyanya avune mahindi yake ahame. Nyanya akaenda kwa chifu kudai kikao cha wazee. Chifu akakipanga: ukoo utasema kama shamba lilishikwa kwa niaba ya nyumba ya marehemu, na kama nyumba hiyo ipo. Kila kitu kilisimama juu ya swali moja. Sisi watoto wawili tulikuwa wa nani?

Sasa nikwambie kuhusu mwalimu.

Mwaka huo huo alikuwa akiandika upya rejista ya darasa la tatu, na kila mtoto alisimama kutaja jina la baba. Nilisimama nikataja jina la marehemu, kama Nyanya alivyotufundisha: "Ukiulizwa, usiangalie chini. Jina ni lako." Mwalimu aliweka kalamu. Alikuwa mtu wa kanisa, na marehemu alikuwa wa kijiji chake. Akaenda ubaoni, akaandika mwaka ambao yule mtu alikufa, chini yake akaandika mwaka niliozaliwa mimi, akapiga mstari.

"Toeni."

"Kumi na mbili, mwalimu!" darasa likaitika.

"Ng'ombe hubeba mimba miaka kumi na miwili?"

"La, mwalimu!"

"Mbuzi je?"

Walicheka mpaka walioketi nyuma wakagonga madawati. Kwenye nafasi ya baba alipiga mstari mfupi wa wino. Kisha, kwa kuwa aliona nimesema uongo na uongo hutibiwa, kila asubuhi baada ya sala alinisimamisha. "Baba yako ni nani?" Nilipotaja jina nilichapwa kiganjani. Nilipojibu "Sina, mwalimu," niliruhusiwa kukaa. Siku ya nne kiganja kilijifunza. Tuliendelea hivyo mpaka muhula ulipofungwa, na mwishoni jibu lilitoka lenyewe, kama mtu anavyosema amina.

Nyumbani sikusema. Nilimficha Nyanya mkono, naye alidhani ni mwasho wa thabai, yale majani ya miiba yanayochoma.

Kikao kilifanyika mchana, kwenye banda la mabati karibu na ofisi ya chifu. Kati ya wazee kumi na mmoja waliokula kiande, saba walikuwa wamebaki hai, na wote saba walikuwapo, kofia magotini. Wanawake waliketi nyasini upande wa nje. Nyanya aliingia na kisu kile kile kimefungwa kwenye kitambaa, akakifungua na kukiweka mezani. Hakuhutubia. Alianza na mzee wa kwanza mkono wa kulia.

"Wewe uliketi karibu na mlango. Nilikupa nini?"

"Siku hizo tulikula kwa watu wengi," mzee akasema akitazama kofia yake.

"Na wewe? Uliomba uongezewe mbavu, ukasema mke wako hajui kuchoma."

Wanawake nje wakaguna. Mzee akasema, "Mimi mwaka huo nilikuwa na meno mabaya."

"Meno mabaya! Ulimaliza na mifupa!"

"Mama, heshima," chifu akasema.

Akaendelea mzee baada ya mzee, akitaja kila mmoja alipoketi na alichopewa. Mmoja alikohoa, mwingine alisema umri umemla kumbukumbu, ingawa juma lililopita alikuwa ametaja vizazi sita vya ukoo wake bila kujikwaa. Baadaye tulijua shemeji alikuwa amewapitia wote na pombe, akiwakumbusha kwamba mjane mmoja akiachiwa shamba, wajane wote wa ukoo watakuja na visu vyao. Hilo liliwatisha kuliko kiapo chochote. Nyanya alirudi katikati, akasema neno lake alilopenda: "Aliyekula hawezi kusema hakuona moshi."

Ndipo jirani yetu aliposimama kule nyasini, mwanamke kijana wakati huo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Mimi niliona! Mimi niliosha matumbo ya yule mbuzi kijitoni, na nikala ini. Niulizeni mimi!"

"Keti, mama," chifu akasema. "Wanawake hawatoi ushahidi wa mahari."

"Sasa nilikula kwa mdomo wa nani?"

Watu wakacheka, lakini aliketishwa. Mzee wa kikao akainua mkono. Akasema jambo limekuwa na kelele, na mtoto hana hila, basi na aulizwe mtoto. Nikaitwa. Nilikuwa nimepakwa mafuta mpaka magotini. Nyanya alinitazama akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake twende. Alikuwa na hakika kabisa na mimi.

Mbele yangu kulikuwa na meza. Nyuma ya meza kulikuwa na mwanamume mwenye kalamu.

"Baba yako ni nani?"

"Sina, mwalimu," nikasema.

Nilisema "mwalimu". Banda zima lilipasuka kwa kicheko. Shemeji peke yake hakucheka. Alivaa kofia yake polepole, akaipapasa ikae sawa, na nikajua kutokana na mkono ule kwamba nilikuwa nimefanya jambo lisiloweza kutenguliwa. Wazee waliandika kwamba hata mtoto mwenyewe hajui baba, kwamba nyumba ya marehemu ilikwisha naye, na kwamba hata kama isingekwisha, hao ni wasichana, wataolewa waende. Wote saba wakatia kidole.

Njiani Nyanya hakunipiga. Tulipofika kijitoni alinikalisha juu ya jiwe, akaniosha uso, akachukua kiganja changu akakigeuza. Alama zilikuwa bado zinaonekana. Alizitazama, akasema, "Walikufundisha vizuri." Hakulizungumzia tena mpaka kufa kwake, na mimi sijaacha kulisikia.

Kwa miaka mingi nilijikasirikia mimi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo hasira ilipojua njia ya kwao. Iliwaendea wazee saba waliofungua midomo kwa nyama na kuifunga kwa ukweli. Ikamwendea mwalimu aliyetumia hesabu ya kutoa kuondoa watu. Iliifikia na ile serikali niliyoiimbia, ambayo mwanamke alifaa kuilimia na kuipigia kura, ila hakufaa kwenye daftari lake. Unaniuliza kama nimesamehe? Hakuna aliyeniomba msamaha.

Shemeji alituachia nyumba na kipande cha bondeni, akasema ni kwa huruma. Chai yake ilipandwa kwenye mistari ile ile ya jembe la Nyanya na mama, ikaja mpaka ukutani kwetu, na wote wanne tuliichuma kwa ujira wake. Nyanya alikufa nikiwa nimeshaanza kazi Nyeri mjini. Alizikwa kando ya jikoni, na mama akamfuata, akalazwa ubavuni mwake. Kisu Nyanya alikuwa amenikabidhi mimi.

Mengi ya siku zile yamekwenda. Handaki limejaa udongo na mikaratusi, banda la chifu ni duka la simu. Ngozi ya maziwa watoto wanaitema. Hata mila ile ya mjane kuoa imefifia, na vijana wakiisikia wanaguna kwa aibu, kana kwamba ni uchafu, wakati ilikuwa mlango wa pekee ambao mababu walimwachia mwanamke asiye na mtu. Daftari ndilo halikwenda. Hati bado ina jina la shemeji, aliyekwisha kufa, na wajukuu wake wamepata mnunuzi anayetaka kujenga nyumba za kupangisha. Kwenye ramani yake, makaburi mawili yako chini ya maegesho ya magari.

Kwa hiyo nimeshtaki. Sheria ya sasa inamtambua binti, na wakili wangu anasema mahakama zimewahi kuikubali ndoa kama ile, mradi ithibitishwe. Anataka shahidi aliyekuwapo. Wazee wote kumi na mmoja wamekufa. Kati ya waliokula mbuzi yule amebaki mmoja tu, jirani yetu, aliyeketishwa nyasini.

Nilimtembelea akiota jua mlangoni kwa mkwe wake, blanketi magotini. Nilimwuliza kama anakumbuka. Akanitazama kama anayemtazama mjinga.

"Nyama ilikuwa ngumu," akasema. "Yule mbuzi alikuwa mzee. Nyanya yako alidanganywa sokoni, na ukimwambia alikasirika."

Tulicheka hadi tukalia. Akaniambia nani aliketi wapi, wa kwanza mpaka wa kumi na mmoja, sawasawa na Nyanya. Niliyaandika yote, lakini wakili anasema karatasi haitoshi. Upande wa pili wana haki ya kumwuliza maswali. Nilipokwenda tena wiki mbili baadaye, alinishika mkono akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilimjibu, kwa jina, bila kuangalia chini. Akasema hamjui mtu huyo.

Siku zingine anakumbuka, siku zingine hakumbuki. Kesi imeahirishwa mara tatu: jaji alikuwa likizo, kisha wakili wa wenzetu hakuwa tayari, kisha faili halikuonekana. Siku ile dirishani karani alinipa tarehe mpya, miezi minne mbele, na kwenye nafasi ya baba aliweka alama ya kuuliza kwa penseli. Leo asubuhi nimempigia simu mkwe wa jirani. Amekunywa uji, ameketi juani, na hajasema neno tangu jana.